Dada na Zamu Yake

Dada yangu alirudi kutoka ng'ambo na sanduku moja la magurudumu, akalisimamisha nyuma ya mlango wa chumba chake, na hapo likabaki. Kila asubuhi alilifungua, akatoa nguo ya siku hiyo, akafunga tena zipu mpaka mwisho. Kabati nilikuwa nimelifuta vumbi na kuweka vitundikio vipya. Vitundikio vikabaki vinaning'inia bila kazi. Mimi ni fundi cherehani, na nguo kuzeeka ndani ya sanduku wakati kabati lipo kunaniuma kama jino.

Lakini si nguo zilizokuwa zikiniuma. Tulikuwa na makubaliano, mimi na yeye, na baba alikuwa shahidi. Yeye aende akafundishe hesabu kwa mkataba wa miaka mitatu, mimi nibaki na baba. Akirudi, yeye abaki na baba, mimi niende. Kwenda kwangu si mbali kama kwake. Ni mji mwingine tu, safari ya kutwa kwa treni, kwenye karakana inayoshona sare za shule na za hospitali. Mwenye karakana aliwahi kuona kazi yangu, akanitaka nikasimamie meza ya kukatia. Meza yenyewe nimeiona kwa macho yangu: ndefu kuliko nyumba yetu, kitambaa kinatandikwa tabaka juu ya tabaka, unakata mara moja zinatoka sketi za darasa zima. Mwenye karakana alisema atanisubiri mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo anachukua mwingine. Kwa hiyo kila nilipopita mlango ule nikaona sanduku limesimama, roho ilinipanda.

Mtaani dada wanamwita Mwalimu, na baba naye akakamata hilo hilo. Mimi baba ananiita Kitinda, maana ndimi niliyefunga tumbo la marehemu mama.

Tangu utoto dada ana mguu mwepesi. Akitumwa chumvi asubuhi alirudi jua linakuchwa, chumvi mkononi, na habari za vichochoro ambavyo hakutumwa. Mama alikuwa akisema mtoto huyu tulimwokota barabarani. Baba, aliyekuwa dereva wa malori ya masafa marefu, alicheka tu, maana alijua damu hiyo imetoka wapi. Dada akasomea ualimu, akafundisha shule moja, akaomba uhamisho, akafundisha ya pili, akaomba tena. Si kwamba aligombana na mtu. Wanafunzi walimpenda, walimu wenzake walimlilia. Ila akishazoea kila ufa wa ubao, usingizi unampaa. Nafasi ya kufundisha nje ilipotangazwa, alikubali kabla hajamaliza kusoma tangazo.

Huko alipewa chumba kwenye shule ya bweni. Dirisha lilitazama ukuta, jiko lilikuwa la umeme la sahani moja, na kitanda kilipiga kelele ukigeuka. Alituhadithia kwamba miezi ya kwanza alikula kama abiria. Mkate wa mfukoni akiwa amesimama, soda akisahihisha madaftari, biskuti zikawa ndiyo chakula cha usiku. Mwalimu mgeni, alisema, hata akishafika bado anajiona yuko njiani, na mtu wa njiani hula kinachomjia mkononi. Mwili ukafura. Magoti yakaanza kulia kwenye ngazi, mpaka siku moja akakwama katikati ya ghorofa na rundo la madaftari, wanafunzi wanampita kwa adabu, kila mmoja na shikamoo ya kwao. Muuguzi wa shule akampima presha, akamwambia kwa upole kwamba magoti yale yanabeba walimu wawili.

Dada habadiliki nusu nusu. Kuanzia hapo kila Jumamosi alikwenda sokoni kwa miguu, akarudi na mboga za majani, maharage, matunda ya msimu na samaki akipatikana. Alijifunza kuloweka maharage usiku ili asubuhi yasimcheleweshe, na kupika kwa mafuta ya kijiko badala ya mafuta ya kumimina. Lakini siri, alisema, haikuwa mboga. Siri ilikuwa kiti. Alinunua kiti na meza ndogo, akaapa hatakula tena amesimama, kwa sababu ukikaa kula umekubali kwamba umefika. Mwili ukapungua, presha ikashuka, magoti yakamsamehe. Mkataba ulipokwisha alirudi mwembamba, mng'avu, na bidii ya mtu aliyeingia dini mpya juzi.

Ajabu ni kwamba kukaa kwenyewe ndiko kulikomshinda. Kengele ya shule ile ilikuwa imemwingia mwilini. Akikaa nasi sebuleni, baada ya muda wa kipindi kimoja ananyanyuka, hata kama wewe uko katikati ya sentensi. Anakwenda dirishani. Anaosha kikombe ambacho kimeshaoshwa. Anatoka mpaka getini, anafungua, anaangalia barabara kulia na kushoto, anafunga, anarudi. Jirani akaniuliza kama dada anamsubiri mtu. Nikamwambia labda anajisubiri mwenyewe.

Baba naye si wa kutulia. Tangu macho yamkatalie kuendesha, anashinda kibarazani kwenye kiti cha lori, kiti halisi cha dereva, alichokiomba siku gari lake lilipouzwa kama chuma chakavu. Tulikifungia miguu ya mbao. Gari likipita mtaani kwa kasi, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu. Ana ugonjwa wa sukari, na ulaji wake ni wa barabarani: gari likisimama, unakula, maana hujui litasimama tena wapi. Tatizo ni kwamba sasa gari limesimama moja kwa moja.

Kuna kitu kimoja cha malori ambacho baba alikileta nyumbani kikawa sheria. Kwenye safari ndefu walikuwa madereva wawili, mmoja anaendesha, mwenzake amelala nyuma ya viti. Zamu ikibadilika, anayemaliza anampa mwenzake ufunguo mkononi na kumtajia makosa yote ya gari kwa sauti: tela linavuta kushoto, breki zimekuwa nzito, taa ya nyuma inazimika kwenye mashimo. Anayeshika anasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Nimepokea." Bila neno hilo hakuna anayeruhusiwa kulala, na gari likianguka, wote wawili wana kosa. Sisi tulikua na sheria hiyo jikoni. Hakuna aliyeacha sufuria motoni akaondoka hivi hivi. Ulitaja maharage yako, maji yamepungua, moto mkali, chumvi bado, na mwenzako akajibu nimepokea ndipo uende kucheza.

Sasa dada aliporudi, zikawa salamu, zikawa zawadi, zikawa hadithi za ng'ambo, na makabidhiano hayakufanyika. Mimi nilingoja aniulize. Yeye, nadhani, alikuwa anaomba nisimkumbushe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dada hakungoja jembe, siku ya tatu alichukua jiko. Chumvi ikapanda rafu ya juu. Kopo la sukari akampelekea jirani. Uji mzito na mkate wa asubuhi ukawa yai moja la kuchemsha na vipande vya tango. Wali wa usiku ukawa mboga za majani na kipande cha samaki. Baba aliikodolea macho sahani yake, akauliza, "Mwalimu, hiki ni chakula au mapambo?" Dada akavuta karatasi mezani kwangu, akachora duara, akaligawa, nusu mboga, robo hiki, robo kile, akamweleza baba kama anavyoeleza sehemu darasani. Karatasi yenyewe ilikuwa pateni yangu ya sketi ya mteja.

Nilinuna. Na mimi nikinuna, nanuna kwa bidii. Miaka mitatu nimempikia mzee yule, leo mapishi yangu yanapandishwa rafuni pamoja na chumvi. Halafu, niseme ukweli, upande mwingine wa moyo ulikuwa unafurahi: akishashika jiko, si ndiyo ameshamshika baba? Basi nikamwachia. Kilichobaki kwangu kilikuwa vidonge. Vidonge vya baba vya sukari ninaviweka kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo, kwa sababu vikiwa kwake husahaulika kwa makusudi. Nikaendelea kumpa asubuhi na jioni kama kawaida. Dada alijua baba anameza dawa, lakini dawa alihesabu ni mambo yangu, na mimi nilihesabu chakula ni mambo yake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi hatukuwa hata wengi, tulikuwa wawili tu.

Asubuhi ile dada alikuwa ametoka kutembea, matembezi yake yale ya haraka ambayo watu humuuliza anakimbizwa na nani. Mimi nilikuwa napinda upindo wa gauni. Nikamsikia baba kibarazani anamwita utingo wake akague matairi ya nyuma. Utingo huyo alifariki zamani, tulimzika sisi wenyewe. Nikadhani ni mzaha, maana baba hutania na marehemu. Akamwita tena, na sauti ilikuwa nzito kama ya mlevi, na baba hanywi. Nikaacha gauni na sindano yake.

Shati lake lilikuwa limeloa jasho. Mikono ilitetemeka juu ya usukani ambao haupo. Alinitazama kama dereva anavyomtazama askari wa barabarani, kwa heshima na bila kunijua. Nilimwita dada kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na bahati nzuri alikuwa ndiyo anaingia getini. Alimtazama mara moja akaelewa, sukari imeshuka. Akakimbilia jikoni. Nikasikia rafu zinafunguliwa na kufungwa, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba kopo liko kwa jirani. Mimi nikakimbilia koti kuukuu la mvua lililotundikwa nyuma ya mlango. Mfukoni mwa koti hilo baba huficha sukari ya vipakiti anayookota mikahawani, anadhani sijui. Tukaikoroga kwenye maji, dada ameshika kichwa, mimi nimeshika kikombe. Nusu aliinywa, nusu ikaishia shingoni. Tulikaa tunamtazama usoni. Pole pole akarudi. Swali lake la kwanza lilikuwa nani amemmwagia maji.

Jirani akatupeleka zahanati kwa gari lake. Daktari alikuwa msichana mtulivu, mdogo kuliko wanafunzi wa kwanza wa dada. Akamtoboa baba kidole, akasoma kipimo, akauliza jana mzee amekula nini. Dada akajibu, kwa utaratibu, na kwa fahari kidogo. Akauliza dawa anameza kiasi gani. Nikajibu mimi. Daktari akaweka kalamu chini.

"Nani anayemwangalia mzee huyu?" aliuliza.

Mimi nilimtazama dada. Dada alinitazama mimi. Chumba kile kidogo kilinuka spiriti, na aibu ile naikumbuka mpaka leo.

"Daktari," baba akasema, "niko kwenye makabidhiano."

Daktari hakucheka. Alitueleza kwamba vidonge vile vilipimwa kwa mtu anayekula uji na mkate na wali. Chakula kikipunguzwa ghafla na dawa ikabaki ile ile, sukari inatumbukia, na siku nyingine mzee hatatetemeka wala hataita utingo, atalala tu. Mboga ni nzuri, alimwambia dada, ila zilitakiwa zije zahanati kwanza. Akapunguza dawa, akataka baba apimwe kila asubuhi kwa wiki nzima, akamweka kitandani kidogo amwangalie.

Tukatoka nje kwenye benchi la wagonjwa. Mimi nilikaa. Dada alisimama, akatembea mpaka kwenye bomba la maji, akarudi, akakaa, akasimama tena.

"Mkuu wa shule yangu ya kule amenipigia," alisema akiwa amenipa mgongo. "Wananitaka tena."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia nitamjibu mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi ni wangu," nikasema.

Alijua. Akakaa karibu nami, safari hii akatulia. Akaniambia kwamba kila asubuhi anaamka na nia ya kufungua lile sanduku na kupanga nguo kabatini, na kila asubuhi mkono unakataa. Huko nje alihesabu miezi ya kurudi. Amerudi, anahesabu miezi ya kuondoka. "Mimi sijui kukaa, Kitinda," alisema. "Nikikaa naona kama nazama." Nilimwonea huruma kweli kweli, na wakati ule ule nilitamani kumzaba kofi. Nilimwambia kwamba mimi nimezama miaka mitatu na hakuna aliyeniona, kwa sababu mwenye kuzama nyumbani huonekana amekaa. Mwenda tezi na omo marejeo ngamani, watu husema. Hawasemi akishafika ngamani afanye nini.

Baba aliruhusiwa mchana. Alipofika tu akaketi kwenye kiti chake cha lori, akatuamuru tulete vigoda. Akaomba ufunguo wa geti kutoka kwenye msumari wake, akaniwekea mkononi.

"Kabidhianeni," alisema. "Mlikuwa wawili kwenye usukani mmoja. Bahati yenu gari lilikuwa limesimama."

Basi nikataja makosa ya gari, na gari lenyewe limekaa linatusikiliza. Nikasema vidonge viko droo ya cherehani, kushoto, na havimezwi bila chakula. Nikasema akiulizwa kama amekula, jibu lake ligeuzwe, akisema ndiyo ujue hapana. Mguu wa kushoto hausikii vizuri, ukaguliwe kila jioni, kidole kwa kidole, maana anaweza kutembea na msumari asijue. Kucha anaona haya kuomba akatwe, usimuulize, leta tu mkasi na beseni. Akigombana na redio ni mzima. Akinyamaza, mkague haraka. Koti la mvua lina mifuko miwili, wa nje na wa ndani.

"Wa ndani unaujua?" baba akauliza.

"Naujua."

Akasikitika kidogo, kisha akaongeza yeye mwenyewe kwamba jicho la kulia limeanza kuona ukungu na hakutuambia, kwamba alfajiri huamka na hofu isiyo na sababu, na kwamba sahani yenye tango asubuhi inamfanya ajione mgonjwa kuliko sukari yenyewe. Dada alisikiliza yote. Ufunguo nilishaupeleka kwenye kiganja chake. Tulikuwa tunangoja neno moja, na sisi watatu tulilijua. Aliutazama ufunguo ule, akaugeuza. Kisha akanyanyuka, akaenda getini, akafungua, akaangalia kulia na kushoto, akafunga, akaurudisha ufunguo kwenye msumari wake.

Mimi machozi yalinitoka, na yalikuwa ya hasira. Baba akanigusa goti. Alisema kuna madereva wanaoshika usukani kwanza, maneno yanafuata baadaye, nisimharakishe. Nikamwambia treni yangu haitajua hilo.

Siku zilizofuata dada alifanya kila kitu ila kusema. Alikwenda kwa jirani akaomba kopo la sukari lirudi, akaliweka mahali pa kuonekana, akakataza mtu asilisogeze. Asubuhi mkate ukarudi, kipande kimoja, wa unga usiokobolewa, na yai lake. Usiku wali ukarudi, kiasi cha ngumi, mboga zikabaki nyingi. Baba akapima kwa ulimi, akasema hili sasa ni gari la mizigo midogo lakini linakwenda. Vidonge dada alivitoa droo ya cherehani mwenyewe, nikamwona anapekua vifungo. Jioni alitoka na baba kutembea, yeye ambaye mwendo wake ni wa kukimbizwa, akalazimika kufuata hatua za mzee, na uso wake ulionyesha anaumia.

Jioni moja tulikuwa tunachambua maharage pamoja, akaniambia kwamba kule kwenye kile chumba alidhani ameshinda. Kumbe kula vizuri peke yako si kazi, hakuna wa kukukatalia. Kazi ni kula vizuri na watu. Nikamwambia karibu mezani. Tulicheka, mara ya kwanza tangu arudi, na bado sanduku lilikuwa limesimama nyuma ya mlango.

Nilikata tiketi shingo upande. Mwenye karakana nilimwambia nakuja, mdomo ulisema, moyo haukuwepo. Nilimaliza magauni ya wateja, nikafunika cherehani kwa kitambaa, na kila nilipokunja nguo zangu nilisikiliza chumba cha pili kama zipu itafunguliwa. Usiku wa mwisho nilitaka kumwambia baba siendi. Alinitazama nilivyoingia, akaniwahi, akaniuliza kama nimekagua matairi. Nikamwambia nimeyakagua.

Asubuhi hakunyanyuka kitini. Alinishika mkono akaniambia nisikubali mtu anipangie meza ya kukatia bila kuangalia mwanga unatoka upande gani. Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yake. Dada akanibebea begi mpaka stesheni.

Njia nzima alinifundisha kusafiri. Nikae upande usio na jua. Ninywe maji kidogo kidogo, nisingoje kiu. Nisile vya kukaanga vya stesheni, mafuta yale yamepika tangu juzi. Ninyanyuke kila baada ya muda ninyooshe miguu. Amenifungia mayai, mkate, matango na machungwa aliyoyamenya tayari, na nile nimekaa. Nilikuwa naitikia tu. Nilitaka neno moja, na yeye alinipa mia mengine. Treni ilipopiga honi alinikumbatia kwa nguvu. Nilipochungulia dirishani kumpungia, alikuwa ananipungia kweli, lakini macho yake yalikuwa yameshahamia jukwaa la pili, kwenye treni nyingine iliyokuwa inakwenda upande mwingine. Niliingiwa na hofu. Akilini nilimwona baba peke yake kwenye kiti chake, anamwita utingo.

Sikuweza kukaa. Nilisimama mlangoni mwa behewa, begi katikati ya miguu, nikajiambia stesheni inayofuata nashuka. Ikaja, sikushuka, nikajiambia ile nyingine. Nikafungua kifurushi nikala yai nikiwa nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Simu ikalia mfukoni. Nilidhani ni kile nilichokuwa nakiogopa, nikabonyeza bila kutazama jina.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu," dada alisema. "Amekula, nimempa kidonge, amegombana na redio. Nimekagua mguu. Ana kidonda kidogo katikati ya vidole, nimekisafisha. Viatu vile vinambana, hukuniambia."

"Sikujua," nikasema, na ilikuwa kweli. Miaka mitatu nimevisugua viatu vile kwa rangi, sikujua.

"Sasa tunajua." Nikasikia kikombe kinaoshwa. "Mkuu wa shule nimemjibu. Nimemwambia hapana. Nimelia, lakini nimemwambia. Sanduku sijalifungua, kwa hiyo usiniulize habari za sanduku."

"Sikuulizi."

"Kitinda," alisema. "Nimepokea."

Nyuma yake nikamsikia baba anauliza nimesema nini, halafu anamwagiza aniambie kitu.

"Anasema sasa ulale," dada akasema.

Nikarudi kwenye kiti changu, nikala lile tango na mkate nikiwa nimekaa. Kisha nikaegemeza kichwa dirishani, nikafumba macho kama nilivyoamriwa. Usingizi haukuja. Kila treni ilipokata kona kwa kasi, mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu.